Parketi iliyofichwa na kapeti: mashine ya msasa ni ya mwisho

SWALI: Shikamoo fundi. Nimeachiwa nyumba ya marehemu babu hapa Tabora, jirani na stesheni. Mwezi huu wa Oktoba tumeng'oa kapeti la sebuleni, chumba cha mita 4 kwa 5, tukakuta vipande vya mbao vimepangwa kama mifupa ya samaki, na chini yake kuna kitu cheusi kama lami. Vingine vinacheza ukikanyaga. Karibu na dirisha vimepiga weusi. Kama 30 havipo kabisa, palizibwa kwa saruji. Fundi mmoja anasema alete grenda, siku moja anamaliza. Mwingine anasema tubandike marumaru juu yake. Mimi nataka mbao za babu zirudi. Nianzie wapi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Anza kwa kuwakatalia mafundi wote wawili, kwa upole lakini leo leo, kwa sababu mojawapo ya kazi hizo ikishafanyika hutabaki na cha kuokoa.

Grenda ya diski ya milimita 115 inazunguka karibu mara 11,000 kwa dakika. Diski yake haifikii hata upana wa vipande viwili vya sakafu yako, na hakuna mkono unaoweza kuishika bapa kwa saa nzima. Kila inapoinama kidogo inachimba alama ya mwezi mwandamo, kina chake milimita moja, pengine mbili. Wakati vumbi limetanda huzioni. Utaziona vanishi ikishakauka, jua la saa kumi jioni likiingia dirishani, na hapo sakafu nzima itaonekana kama imepigwa na makucha. Kuzifuta maana yake ni kushusha sakafu yote hadi kwenye shimo lenye kina kuliko mengine, na mbao uliyoigeuza vumbi hairudi.

Marumaru nayo hubandikwa kwa saruji yenye maji. Mbao zikinywa maji hayo zinavimba, zikikauka zinasinyaa, na marumaru juu yake hayajui kuvimba wala kusinyaa. Yataanza kulia yakigongwa, kisha yatabanduka. Chini yake unyevu umefungiwa gizani, na mchwa wa Tabora hawahitaji mwaliko mwingine.

Sasa tuje kwenye kalenda, maana ndiyo inayoamua kazi hii kuliko mashine yoyote. Unaandika Oktoba, na mbao za Tabora hazina mwezi mkavu kuliko huu. Kila kipande kimesinyaa, mianya iko wazi, na vilivyoachia gundi vinacheza kwa uhuru. Ukiijaza mianya sasa kwa kitu kigumu, mvua za Novemba zitakuja, mbao zitavuta unyevu wa hewa na kukosa pa kupanukia. Piga hesabu. Vipande vyenye upana wa milimita 70 vikipangwa ubavu kwa ubavu kwenye mita 4 ni kama 57. Kila kimoja kikivimba milimita 0.2 tu, ambayo jicho haliioni, jumla ni zaidi ya milimita 11. Milimita hizo zikikosa nafasi ukutani zinakwenda juu: sakafu inanyanyuka katikati kama hema. Kwa hiyo kupachika, kujaza, kupiga msasa na kupaka vanishi ni kazi ya Juni na Julai, mbao zikiwa katikati, hazijashiba mvua wala hazijakaushwa na kiangazi. Miezi ya kati haipotei. Ina kazi zake, na bila kazi hizo Juni itakukuta mikono mitupu.

Oktoba na Novemba: kusafisha na kusoma sakafu

Mabaki ya kapeti yakate kwa kisu katika mikanda ya upana wa nusu mita uyaviringishe. Kisu kishike kilale, kisipite zulia na kuchora mbao. Sponji ya chini huwa imeoza ikawa unga au gundi inayonata. Ikwangue kikavu, kwa kikwangulio chenye ukali, ukiwa na barakoa. Usimwage maji. Gundi iliyobaki ijaribu kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Gundi nyingine za zamani zinalainika hivyo hivyo, zisipolainika tumia kitambaa chenye tina (thinner), madirisha yakiwa wazi na moto ukiwa mbali.

Halafu misumari na pini za kapeti. Hii ni kazi ya kupiga magoti na plaizi, na haina njia ya mkato. Pini moja iliyosahaulika inachana mkanda wa msasa, na cheche yake inaweza kuingia kwenye mfuko wa vumbi la mbao na kuwasha moto taratibu bila mtu kuona. Chukua sumaku ya spika mbovu, ifunge kwenye kitambaa, iburute sakafu nzima kwa mistari iliyokaribiana. Inapovuta, angalia kwa tochi. Misumari ya skatingi (ubao wa pembeni unaozunguka chini ya ukuta) iliyokatika vichwa isukumie ndani milimita 3 kwa msumari mnene na nyundo.

Sakafu ikiwa tupu, ing'oe kipande kimoja kati ya vile vinavyocheza, ukipime. Urefu, upana na unene viandike. Vipande vya aina hii aghalabu vina urefu wa kama milimita 230, upana 70 na unene 20, na vina ulimi upande mmoja na mfereji upande wa pili, ulimi wa kimoja ukiingia kwenye mfereji wa jirani yake. Unene wa maana si ule wote bali ule ulio juu ya ulimi, na kila msasa kamili unakula nusu milimita hadi moja. Ukikuta juu ya ulimi pamebaki milimita 5 au 6, una sakafu ya wajukuu. Ukikuta mbili, futa mpango wa mashine nzito, ufanye kwa kikwangulio na msasa wa mkono tu. Kuna na parketi ya vijiti vyembamba vya milimita 8, vinavyopangwa vinne vinne au vitano vitano kuwa mraba. Hiyo unaipiga msasa mara moja, mbili ikibidi sana.

Kisha kitambue kwa mizani ya jikoni. Kipande cha vipimo hivyo, kikavu na kisicho na lami, kikiwa mninga kitakuwa na gramu 200 hadi 220. Mkongo, ambao wengine wanauita mkora, utasogea kwenye 260. Muhuhu, mbao ya pwani iliyopendwa sana kwa parketi Afrika Mashariki, utafika 290 na kuzidi, na ukiukwangua kidogo una harufu nzuri. Mvule uzito wake uko karibu na mninga, lakini mninga una michirizi myeusi au myekundu kwenye kahawia ya dhahabu, na mvule mara nyingine una mawe meupe ndani yake yanayovunja makali ya randa. Nataka ujue jina la mbao kwa sababu mbili. Kwanza, viraka lazima viwe vya mbao ileile. Pili, mvule na muhuhu zina mafuta ya asili yanayochelewesha vanishi kukauka au kuifanya ibanduke. Mbao hizo hupanguswa kwa kitambaa chenye spiriti kabla tu ya kupaka. Kama ni mninga, una bahati: ni katika mbao zinazosinyaa na kuvimba kidogo kuliko nyingi tunazozitumia.

Baada ya hapo chukua chaki na bisibisi yenye mpini wa mbao. Gonga kila kipande kwa mpini, mstari kwa mstari. Kinachotoa sauti nzito kimeshika. Kinacholia kama debe kimeachia chini: kiwekee nukta. Kinachocheza kwa kidole kiwekee msalaba. Chenye weusi, mviringo. Bisibisi ikizama bila kutumia nguvu, hapo pameliwa, na ufuatilie njia ya udongo ya mchwa hadi inakotokea, mara nyingi ufa kati ya ukuta na sakafu. Chumba cha mita za mraba 20 kina vipande kama 1,240, kwa hiyo kazi hii ni ya asubuhi mbili. Ukimaliza hesabu. Misalaba ikiwa chini ya theluthi moja, unatengeneza palepale. Ikizidi hapo, ni afadhali kung'oa eneo lote na kulipanga upya, maana gundi ya zamani imefika mwisho wake na utakuwa unafukuza vipande vinavyoachia kila mwaka. Vyenye nukta visivyocheza viache. Sauti peke yake si ugonjwa.

Usikate tamaa kwa rangi utakayoiona. Paka tone la tapentaini kwenye kona, sugua kwa kitambaa cheupe. Kikitoka chekundu au cha njano, hiyo ni polishi ya miaka mingi imekaa juu ya mbao, na mbao yenyewe iko chini inangoja.

Mbao mpya zinunue sasa hivi

Vilivyokosekana ni 30. Ongeza vyeusi na vilivyoliwa, tuseme jumla ifike 60, na akiba ya 20. Kama umekuta ni mninga, mbao mbili za inchi 1 kwa 10, urefu wa futi 12, zikichanwa mikanda mitatu kila moja na kukatwa kwa sentimita 23.5, zitakupa vipande kama 90. Nunua mahali wanapokupa risiti na mbao zina nyaraka za Wakala wa Huduma za Misitu. Mninga unavunwa kwa pupa, na mbao isiyo na nyaraka ni hasara kwako na kwa msitu. Kataa kipande chenye utepe mweupe pembeni. Hiyo ni nyama ya nje ya mti, wadudu wanaoacha unga wanaipenda, na ugumu wa mninga unaosifiwa haumo humo.

Usikate vipande bado. Ichane mikanda, ipange ndani ya sebule hiyohiyo, kila tabaka ukilitenganisha kwa vijiti vya sentimita 2 ili hewa ipite. Mkanda mmoja upime kwa mizani kila wiki na uandike. Uzito ukikaa palepale majuma mawili, mbao imezoea chumba. Ukiwa na kipima unyevu, asilimia 8 hadi 12 inatosha. Fundi atakayekuambia mbao iliyopasuliwa mwezi uliopita ni kavu kwa sababu imeanikwa juani, mwache aanike. Jua linakausha ngozi, ndani kubaki mbichi, na kipande hicho kitakuachia mwanya Septemba ijayo.

Mvua ikinyesha, itumie

Weusi wa dirishani umetokana na maji, chuma na utomvu mkali wa mbao vilipokutana. Swali ni maji yalitoka wapi, na mvua ndiyo itakayokujibu. Siku ya mvua ya upepo kaa sebuleni uangalie. Je, yanapita chini ya fremu ya dirisha? Je, kingo ya nje imeinamia ndani? Zunguka nje: udongo wa bustani umepandishwa ukapita usawa wa sakafu? Usawa wa ardhi ya nje uwe chini ya sakafu kwa milimita 150 angalau. Chimba, uelekeze maji mbali na ukuta. Kazi ya jembe ya siku moja inaokoa sakafu kuliko vanishi ya bei yoyote.

Februari au Machi, ardhi ikiwa imeshiba, fanya jaribio la plastiki mahali zege limebaki tupu. Kata nailoni ya sentimita 50 kwa 50, ibandike pande zote kwa utepe mpana, uiache saa 48. Ukikuta matone chini yake au zege limekoza rangi, unyevu unapanda kutoka ardhini. Kufanya jaribio hili Oktoba ni kujidanganya, maana Oktoba kila zege la Tabora ni kavu.

Hapa niseme juu ya lami, kwa sababu watu wengi wanaiona kama uchafu. Katika sakafu hizi lami ilikuwa na kazi mbili: kushika mbao na kuzuia unyevu wa ardhini usipande. Kwenye nyumba nyingi za zamani hakuna plastiki chini ya zege, ni lami hiyo peke yake. Kwa hiyo mahali vipande vimeshika usiiguse. Na usiipige grenda wala msasa mkavu popote: gundi nyeusi za zamani nyingine zilichanganywa na asbestosi, na nyuzi zake zikiingia kwenye mapafu hazitoki. Inapobidi kuiondoa, ilowanishe, ikwangue ikiwa na unyevu, mabaki yafunge kwenye mfuko. Tahadhari hiyohiyo ichukue kwa rangi ya zamani ya skatingi, ambayo inaweza kuwa na risasi.

Juni: kupachika

Saruji iliyozibia mashimo itoe kwa patasi ya mawe na nyundo ndogo, ukianzia katikati ya kiraka na kusogea nje. Ukianzia pembeni utavunja midomo ya vipande vizima, kwa kuwa saruji imeving'ang'ania.

Ng'oa vyenye misalaba, vipige picha kabla, viandike namba kwa nyuma. Lami iliyoganda mgongoni haitoki kwa msasa, inaujaza tu na kuuharibu. Wengine wanaipangusa kwa mafuta ya taa. Inatoka, ni kweli, lakini mafuta yanazama kwenye mbao na gundi mpya haishiki tena. Tumia baridi. Lami ikipoa inakuwa kama sukari guru kavu. Asubuhi ya Juni Tabora ina ubaridi wa kukusaidia, na mwenye friji la kugandisha aviweke vipande ndani usiku kucha, kumi kumi. Kitoe, kilaze kwenye benchi, gonga patasi kwa pembe ya chini, na lami itaruka vipande vipande. Vaa miwani na barakoa, na uinyunyizie maji kidogo kwanza, kwa sababu ya asbestosi niliyoitaja. Una kama dakika tano kabla haijaanza kunata tena, ndiyo maana vitoe vichache vichache.

Kwenye zege nako kwangua matuta hadi pawe sawa, na palipobaki tupu pake upya kizuia unyevu cha epoksi au cha lami, kulingana na gundi utakayotumia. Gundi nyeupe ya seremala haishiki juu ya lami, na inalainika kwa unyevu, kwa hiyo isahau. Gundi ya mpira ya mafundi viatu nayo ina vimumunyisho vinavyoyeyusha lami, na haikupi nafasi ya kusogeza kipande ukishakiweka. Inayofaa ni gundi ya sakafu ya poliyurethani, ile inayobaki na mnyumbuko ikikauka. Soma kwenye kopo kama inakubali juu ya mabaki ya lami. Kama haikubali, safisha hadi kwenye zege. Kwa vipande vichache, epoksi ya kuchanganya sehemu mbili inatosha kabisa.

Vipande vipya usiviweke katikati ya chumba. Hii ni siri ndogo inayotofautisha kiraka kinachoonekana na kisichoonekana. Ng'oa vya zamani vilivyo pembezoni, palipokuwa na kabati au palipo nyuma ya mlango, hivyo ndivyo vikazibe mashimo ya katikati, vipya viende pembezoni. Vipya vikate viwe na unene wa milimita 1 zaidi ya vya zamani ili msasa uvishushe vilingane. Kipande cha mwisho katika shimo hakiwezi kuingia na ulimi wake: kata mdomo wa chini wa mfereji kwa patasi, kitashuka wima. Weka gundi, gandamiza, futa inayofurika mara moja, kisha karatasi ya nailoni na tofali juu kwa saa 24.

Kabla ya kurudisha skatingi kagua mzunguko wa ukuta. Lazima kuwe na nafasi ya milimita 10 hadi 12 kuta zote nne. Mara nyingi utaikuta imejazwa saruji na mtu aliyedhani ni kasoro. Ifungue yote. Skatingi ipigiliwe ukutani, kamwe si kwenye sakafu.

Weusi, kabla ya msasa mkubwa

Vipande vyeusi vilivyo vigumu bado jaribu asidi ya oksaliki: gramu 50 kwa lita 1 ya maji ya uvuguvugu, kwenye chombo cha plastiki. Ni sumu, kwa hiyo glovu, miwani, na watoto wakae mbali. Ondoa kwanza polishi, kwa sababu asidi haipiti nta. Paka kwa brashi kwenye kipande kizima, si kwenye doa tu, uache dakika 20, ufute kwa kitambaa cha maji safi mara mbili au tatu, kisha pakauke siku mbili. Weusi wa chuma utafifia hadi kahawia. Weusi wa mkojo wa wanyama kwa kawaida umezama sana na hautoki, hivyo badilisha kipande. Usijaribu jiki. Inaipausha mbao yenyewe na doa linabaki.

Msasa

Polishi ya zamani iondoe kwa tapentaini na stili waya laini, kisha vuta vumbi la chuma lote, maana chembe za chuma zikipata unyevu zitazaa nukta nyeusi. Polishi ikibaki, msasa wa kwanza utaipasha moto na kuipaka sakafu nzima.

Mashine kubwa ya ngoma ya sakafu si rahisi kuipata Tabora, na kwa chumba hiki huihitaji. Mashine ya mkononi ya mkanda wa milimita 100, kikwangulio cha mkono kwa kona, na mashine ndogo ya kutetemeka kwa kumalizia vinatosha. Andaa mikanda 10 ya namba 40, na 6 kwa kila namba ya 60, 80 na 120. Fuata mstari wa urefu wa chumba, kwa vile mifupa ya samaki imelala kwa pembe na mashine itavikata vipande vyote kwa nyuzi 45 sawasawa. Mashine iwe inatembea kabla haijagusa mbao, na iendelee kutembea hadi uinyanyue. Ikisimama sekunde mbili, imechimba. Umeme ukikatika, inyanyue na uzime swichi papo hapo, kwa sababu umeme ukirudi wakati mashine imelala sakafuni utakuwa na mtaro.

Usiruke namba. Anayetoka 40 kwenda 120 anapata sakafu laini kwa kiganja yenye mikwaruzo inayochomoza vanishi ikipakwa. Kila namba ikiisha, fagia, subiri usiku, zima taa, laza tochi sakafuni mwanga upite bapa. Mikwaruzo yote itajionyesha. Vumbi la mninga, mkongo na mvule linawasha pua na ngozi, na kwa mwenye pumu ni hatari. Vaa barakoa nzuri muda wote, si kitambaa. Mfuko wa mashine umwage nje kila jioni, usiuache ndani ya nyumba na vumbi lake.

Baada ya namba 80 ndipo unajaza mianya. Chukua unga laini uliotoka kwenye sakafu yenyewe, changanya na sila ya mbao (sealer) hadi iwe kama uji mzito, paka kwa bamba pana ukiisukuma ndani. Inafaa mianya ya hadi milimita 2. Inayozidi hapo ipachike ubale mwembamba wa mninga wenye gundi upande mmoja tu, ili upande wa pili uwe huru kutembea. Mianya iliyo nyembamba kuliko ukucha iache wazi. Kisha 120, na umemaliza.

Kupaka

Kuna desturi ya kupaka oili chafu ya gari kuzuia mchwa. Kwenye sakafu ya ndani usikubali. Haikauki, inanuka miaka, ina uchafu usiofaa kuguswa na mtoto anayetambaa, na hakuna vanishi itakayoshika juu yake tena.

Kwa sebule yenye viatu na watoto nakushauri vanishi ya poliyurethani ya mafuta, mikono mitatu, yaani kuipaka mara tatu. Lita 1 inakwenda mita za mraba 10 hadi 12, kwa hiyo kwa mita 20 hesabu lita 2 kwa kila mkono, lita 6 zote. Mkono wa kwanza ongeza tina asilimia 10, ile iliyotajwa kwenye kopo lenyewe. Paka asubuhi, kabla upepo wa mchana haujainua vumbi la barabarani, madirisha ya upande wa upepo yakiwa yamefungwa. Saa 24 baadaye piga msasa namba 220 kwa mkono, mwepesi, hadi mng'ao ufe, futa kwa kitambaa chenye tina kidogo, rudia. Tembea kwa soksi baada ya siku mbili, rudisha samani baada ya wiki, na mkeka au zulia dogo baada ya wiki mbili.

Tabora ni nchi ya asali, na nta ya nyuki ipo. Kwa vyumba vya kulala inapendeza kuliko vanishi, ila inataka kusuguliwa upya mara mbili kwa mwaka na maji yakidondoka yanaacha doa jeupe. Kipimo ni gramu 100 za nta kwa mililita 300 za tapentaini. Yeyusha nta kwenye kopo lililowekwa ndani ya sufuria ya maji moto, itoe, ipeleke mbali na jiko, ndipo umimine tapentaini. Kamwe usiweke tapentaini juu ya moto. Ukiamua kupaka mafuta ya kitani kwanza kama msingi, vitambaa ulivyotumia vitandaze nje vikauke kimoja kimoja au vizamishe kwenye ndoo ya maji. Vikirundikwa vinajipasha joto vyenyewe hadi kuwaka. Na juu ya poliyurethani usipake nta wala ile polishi nyekundu. Siku utakapotaka kuongeza mkono wa vanishi haitashika, utalazimika kuondoa yote.

Usafi wake ni ufagio laini kila siku na kitambaa kilichokamuliwa kikavu. Kudeki kwa ndoo kuishie mlangoni. Weka kipande cha kitambaa kizito chini ya miguu ya viti, na kikanyagio nje ya mlango, kwa kuwa mchanga wa Tabora ni msasa unaoingia na kila mgeni. Oktoba ijayo utaona mianya myembamba kama unywele kati ya vipande. Usiijaze. Mvua zikirudi itafunga yenyewe.